Hakuna Kwa Jinzi Kwenye Ramani

Nilikaa Guangzhou miezi mitatu bila kujua jina la mtaa hata mmoja. Nalisema hili kwa aibu, lakini aibu ni kidogo. Kikubwa ni hasira, na hasira yenyewe sijaimaliza mpaka leo, ingawa mambo haya ni ya mwishoni mwa miaka ya tisini.

Tulikwenda wawili, mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu. Dar es Salaam tulikuwa na duka la nguo, tukiuza vitu tulivyonunua kwa watu waliovileta kutoka Dubai. Tukasikia Dubai nao wanavitoa China, tukasema basi twende huko huko vinakotoka. Wifi alinizidi miaka minane. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kuzoeana na watu, na kila penye uamuzi mgumu nilimtazama yeye kwanza.

Stesheni kuu ya treni tulipokewa na ajenti, Mtanzania mwenzetu. Alikuwa amesoma huko, Kichina anakisema kama amezaliwa nacho. Shati lake limenyooshwa vizuri, na mkononi alikuwa na simu ya mkononi, kitu ambacho siku zile kwetu kilikuwa cha wakubwa. Nje ya stesheni wanawake walitufuata wakipunga makaratasi yaliyokunjwa, wakipiga kelele, "Ditu! Ditu!" Nikauliza wanauza nini.

"Ramani," akasema, akawafukuza kwa mkono. "Zimeandikwa Kichina kitupu, dada. Utasoma nini humo? Ramani yenu ni mimi."

Tukacheka. Wifi akasema, "Na ramani yenyewe inanukia vizuri." Tukabeba mabegi tukamfuata.

Alikuwa na utaratibu wake, na wateja wake wote, Watanzania kwa Wakenya, waliufuata. Kila mahali alipapa jina la nyumbani. Mtaa wa nguo za jumla aliuita Kariakoo. Bandari ya makontena ilikuwa Bandarini. Soko la viatu lilikuwa Manzese. Na kule mbali, upande wa mashariki, kwenye viwanda vya suruali za jinzi, palikuwa Kwa Jinzi. "Kesho asubuhi Kariakoo, mchana Manzese," alikuwa akisema, nasi asubuhi tunajipanga mapokezi ya hoteli kama wanafunzi wanaosubiri mwalimu. Ilitupendeza, sitasema uongo. Uko ugenini, huelewi hata kibao cha choo, halafu mtu anakwambia unakwenda Kariakoo, moyo unatulia. Kichina pekee tulichokuwa nacho mfukoni kilikuwa kadi ya hoteli. Ukipotea unampa dereva wa teksi, anakurudisha. Lakini kadi ile ilijua kurudi tu.

Siku moja tukiwa garini nilimwuliza Kariakoo inaitwaje kwa Kichina.

"Ukishajua itakusaidia nini?" akanijibu bila kugeuka. "Watu wa hapa wana lugha mbili, moja ya serikali na moja ya kwao. Ukitamka vibaya unapelekwa usikokujua. Wewe chagua blauzi, dada, njia niachie mimi."

Wifi akanifinya paja, maana yake nisimchoshe mwenzetu. Tulipofika, nikachagua blauzi.

Siku yenyewe ilianza na wifi kukataa chai. Alisema tumbo linamsokota, bila shaka ni wale samaki wa jana. Nilimwambia apumzike. Akasema gari la Kwa Jinzi limeshakuja, kuna mshono wa mifuko anaotaka kuuona kwa macho yake kabla suruali hazijafungwa, na tumbo halijawahi kumlaza mtu wa kwao. Akapanda na wafanyabiashara wengine wanne, ajenti akiwa mbele na dereva. Mimi nikapelekwa Kariakoo kumalizia blauzi.

Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Mwenye duka, mwanamke tuliyekuwa tukimwita laoban kama tulivyowaita mabosi wote, alipokea simu, akasikiliza, akakunja uso, akaninyooshea mkono wa simu. Aliyepiga alikuwa mfanyabiashara wa Mombasa, mmoja wa wale waliokwenda na wifi. Mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa na namba ya duka.

"Dadangu, wifi yako amezidiwa," akasema. "Alianguka pale kiwandani tukamkimbiza hospitali. Madaktari wasema ni kidole tumbo, lazima apasuliwe sasa hivi. Lakini wakataa kumgusa mpaka mtu wa kwao atie sahihi. Mimi wameniuliza kama ni mumewe, nikasema la. Njoo upesi."

"Ajenti yuko wapi?"

"Ametushusha kiwandani akaenda zake Bandarini. Simu yake imezimwa. Yule mwenye kiwanda ndiye anayezungumza na madaktari, na sisi kwa ishara."

"Hapo mlipo panaitwaje?"

"Kwa Jinzi."

"Kwa Kichina panaitwaje, kaka yangu?"

"Wallahi sijui. Sisi sote twapaita Kwa Jinzi."

Nikamwambia nakuja, nikakata simu. Dawa ya tatizo letu ilikuwa pale pale: kaka wa Mombasa angempa simu yule mwenye kiwanda, nami ningempa laoban, wangeambizana, ningeandikiwa karatasi ya kumpa dereva. Nilikumbuka hilo nikiwa nimeshafika barabarani. Nikarudi mbio, laoban akapiga namba ya kiwanda, ikaita bila kupokewa. Wote walikuwa hospitali. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hatukufikiri haraka, sisi watu wazima wenye maduka. Ni kwa sababu kwa miezi mitatu kufikiri njia haikuwa kazi yetu.

Nilimshika laoban mkono, nikavuta suruali ya jinzi iliyotundikwa duka la jirani. "Wapi? Wapi hii?" Akafurahi. Akaniletea jinzi za buluu, nyeusi, za watoto. Nilikuwa nalia na yeye ananipimia kiuno.

Nikaingia teksi. Kichwani nilikuwa na neno moja la Kichina linalohusu upande ule: Huangpu. Nilikuwa nimelisikia kwa madereva wa malori tulipokwenda kupakia kontena, na nilijua gari la Kwa Jinzi hupita upande huo huo. Nikasema, "Huangpu." Dereva akaniuliza kitu kirefu. Nikaitikia kwa kichwa. Akaniuliza tena, nikaitikia tena. Tukatoka kwenye mitaa myembamba, tukaingia sehemu ya mji iliyokuwa ikijengwa, maghorofa yana majukwaa ya mianzi. Akasimama kando ya barabara pana sana, akanionyesha kibao. Hakukuwa na kontena wala kreni. Hakukuwa na bahari. Nilishuka kwa sababu alinitaka nishuke, na teksi ikaondoka.

Nilitembea kwenye ile barabara sijui muda gani. Niliwasimamisha watu nikiwaambia "Huangpu, Huangpu," nao wakanyoosha kidole chini, pale pale tuliposimama. Nilidhani wananidhihaki. Mwishowe nikasimamisha teksi nyingine, nikachora suruali kwenye kiganja kwa kalamu, dereva akatazama akacheka. Nikafungua pochi kutafuta karatasi ya kuchorea vizuri, akaiona kadi ya hoteli, akaichukua, akaondoa gari. Nilipotambua anakonipeleka nilipiga ile nondo inayomtenganisha dereva na abiria mpaka ngumi ikachubuka. Hakusimama. Kwa maoni yake alikuwa akimsaidia mwanamke aliyechanganyikiwa.

Hotelini msichana wa mapokezi alipiga simu ya ajenti mara nne. Imezimwa. Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika zake. Zilikuwa zimepita saa tatu tangu niambiwe njoo upesi.

Nikakimbia mpaka stesheni, mwendo wa dakika chache tu, kwa wale wanawake wa ramani. "Ditu," nikasema. Aliyenijia alikuwa na mfuko wa ramani kiunoni na sauti ya kukwaruza. Nikamlipa, nikaifunua ramani juu ya mapaja, nikaona rangi, mito na maandishi nisiyoyajua. Nikamwonyesha kiganja changu: suruali. Nikachora na msalaba wa hospitali pembeni yake. Akawaita wenzake. Wakabishana, wananisukuma, wananivuta, mpaka mmoja akapiga paja lake mwenyewe, amevaa jinzi, akasema, "Xintang!" Mwingine akalitamka vingine, kwa lugha ya kwao, lakini wote wakaitikia. Xintang. Ndipo nilipolisikia kwa mara ya kwanza jina la mahali nilipokuwa nimekwenda mara zisizopungua kumi.

Yule mwenye sauti ya kukwaruza akaweka kidole kwenye stesheni, akakipeleka mashariki, akataja kila sehemu anayoipita. Kidole kikafika mwisho wa ramani. Mji ule kwenye karatasi uliishia Huangpu, na Xintang ilikuwa mbele zaidi. Hakusita. Akachukua kalamu yangu, akaandika herufi mbili kwenye ukingo mweupe, nje ya mstari. Kisha akanishika mkono wa blauzi, akanivusha barabara mpaka kituo cha mabasi ya nje ya mji, akamfokea kondakta, akanikalisha nyuma ya dereva. Sikupata nafasi ya kumshukuru.

Xintang niliwaonyesha watu ule msalaba wa kiganjani, nikafika hospitali saa kumi na nusu. Kaka wa Mombasa alikuwa mlangoni, macho mekundu. Nikapewa karatasi, nikaweka sahihi nilipoonyeshwa, hata sikujua nimesaini nini. Wifi alikuwa amejikunja ubavu mmoja, midomo imekauka. Hakunitania. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Walimwingiza ndani, wakatoka baada ya muda mrefu, na daktari akanionyesha kwa mikono: alikunja ngumi, halafu akaifungua ghafla vidole vyote. Kilikuwa kimeshapasuka.

Alipona, lakini si haraka. Usaha ulikuwa umeenea tumboni, akalazwa karibu mwezi mzima na akafunguliwa mara ya pili. Nililala kwenye kiti chini ya dirisha. Siku ya tatu ajenti akaja na machungwa, shati limenyooka kama kawaida. Alikuwa na huruma ya kweli usoni, na hiyo ilinichefua zaidi.

"Pole sana dada. Betri iliniishia kule Bandarini."

"Panaitwa Huangpu," nikasema. "Na hapa panaitwa Xintang. Kwa nini hukutwambia?"

"Niliwarahisishia. Nyinyi mnakuja hapa kununua, si kusoma shule. Majina haya mngeyasahau siku hiyo hiyo."

"Wifi yangu alilala saa tano nzima na kidole tumbo kikapasuka kwa sababu sikujua nimwambie nini dereva wa teksi."

"Hiyo ni bahati mbaya. Kwa nini inakuwa kosa langu?" Sauti ikapanda. "Mimi nilipofika hapa nani alinifundisha? Nilikuwa mwanafunzi, baridi inaniuma, sina mtu, nikajifunza neno kwa neno, basi kwa basi. Ujuzi huu ndio kazi yangu. Wewe unataka niutandaze bure? Nikishawafundisha mtanihitaji tena?"

Basi, alikuwa amelisema. Nikamwambia achukue machungwa yake atoke. Aliyaacha. Nesi ndiye aliyeyamenya.

Wifi alikuwa mnyonge wa kuongea, hivyo mchana kutwa nilikuwa na kazi moja: ile ramani. Nesi, msichana mwenye subira, alinisomea, nami nikaandika juu ya kila neno kwa herufi zetu. Kila siku nilivyoelewa zaidi ndivyo nilivyozidi kukasirika.

Maana mji ule haukuwa mgumu. Mji wenyewe wakati ule uligawanywa wilaya nane, kila moja na rangi yake kwenye karatasi. Liwan, magharibi, ndiko ilikokuwa Kariakoo yetu, na jina lake la kweli ni Shisanhang. Yuexiu katikati, halafu Dongshan, Tianhe, na mashariki kabisa Huangpu. Haizhu kusini ya mto, Fangcun ng'ambo nyingine, Baiyun kaskazini. Xintang haikuwamo kwa sababu ilikuwa chini ya Zengcheng, mji mwingine wenye utawala wake. Ndiyo maana karatasi ilikatwa pale. Barabara ndefu zilikatwa vipande, na kila kipande kikabeba upande wake: dong mashariki, xi magharibi, nan kusini, bei kaskazini, zhong katikati. Nyingine zilihesabiwa, ya kwanza mpaka ya nane, ukienda magharibi namba inapanda. Kila pembe ya mji ilikuwa ikitutangazia tulipo, siku zote tisini, na sisi tumekaa kiti cha nyuma tunaongelea Manzese. Treni ya chini ya ardhi ilikuwa njia moja tu, mstari mmoja usiompoteza mtu. Mabasi yaliandikwa nyuma ya ramani: namba, kituo cha kwanza, kituo cha mwisho. Nilitafuta hoteli yetu na Shisanhang. Basi moja. Halibadilishwi popote. Sisi tulikuwa tukizungushwa na gari la ajenti kupitia barabara ya juu, nusu saa nzima, tukiamini ni mbali.

Na ile barabara pana niliyoshushwa? Inaitwa Barabara ya Huangpu, na iko Tianhe. Inaitwa hivyo kwa sababu inaelekea Huangpu. Dereva wangu alikuwa ameuliza kama ninataka barabara, nami nikaitikia. Barabara ya Morogoro inaanzia katikati ya Dar es Salaam, na sijaona mtu akishuka pale akidhani amefika Morogoro. Hili nilikuwa nalijua tangu utoto. Niliitupa ramani chini kwa hasira juu yangu mwenyewe, nesi akaiokota, akaikunja, akanirudishia.

Tuliporudi hotelini niliandika karatasi kubwa. Safu ya kwanza jina la ajenti, ya pili jina la kweli kwa herufi zetu, ya tatu maandishi ya Kichina aliyoniandikia nesi, ya nne wilaya, ya tano namba ya basi. Nikaibandika ukutani kando ya lifti, ghorofa tuliyokaa wateja wake. Kesho yake ilikuwa imechanwa. Nikabandika nyingine. Ikachanwa. Ya tatu nilitoa nakala nyingi, nikapitisha chini ya kila mlango.

Nilidhani watu watafurahi. Baadhi walikunja wakaweka mfukoni bila kunitazama. Mama mmoja wa Nairobi akaniambia, "Unamharibia kijana wa watu riziki." Wifi mwenyewe, bado anatembea ameinama na mkono tumboni, alinikalisha kitandani.

"Mimi nimemsamehe," akasema. "Alikuja akalia hapa mbele yangu."

"Kwangu hakulia."

"Wewe hukumpa nafasi. Yeye angejuaje yatakayotokea? Tumbo ni langu, kidonda changu, na nimesamehe. Wewe hasira hizi ni za nani?"

Nilijua tu kwamba alipokuwa akilia hapo kitandani, ajenti hakusema kesho nitawafundisha njia. Na hakuwafundisha. Wifi alirudi Dar es Salaam na hakusafiri tena. Alibaki na duka, akaniachia mimi safari. Binti yake alipoolewa, miaka mingi baadaye, ajenti alialikwa. Nilimpakulia pilau kama mgeni mwingine yeyote, nikaondoka kabla hajaanza kula.

Mimi niliendelea kwenda Guangzhou. Sikuwa ajenti wa mtu, ila wageni wa kike walikuja kwangu wakiwa wametumwa na ndugu zao, na nilikuwa mkali kwao kuliko ilivyostahili. Safari moja walikuja watatu kutoka Unguja. Asubuhi ya pili niliwasimamisha kituo cha basi, nikawaambia hatupandi mpaka kila mmoja anisomee tulipo, tunakokwenda, na wilaya ya kila kimoja. Mabasi yakapita. Mdogo wao akaanza kulia, akasema kichwa chake hakishiki.

"Lia, lakini soma," nikamwambia.

Mkubwa wao akanikemea. "Dada, haya si maneno ya kumwambia mgeni. Tumekukosea nini?"

Hawakuwa wamenikosea kitu. Yule mdogo akafuta pua kwa ncha ya mtandio, akaweka kidole kwenye kibao cha kituo, akatamka polepole, silabi moja moja, mpaka akafika mwisho. Alikosea moja tu. Basi lilipokuja nikawasukuma wapande. Waliponiita nami niingie, nikatikisa kichwa, mlango ukafungwa, wakaenda Shisanhang peke yao.